Gobi Wako Anakufa Njaa

Dada mmoja wa Hamburg ameniandikia: kanunua gobi wawili, samaki wadogo wa tangini, wa jamii ya Stiphodon, wanamkondea siku hadi siku, na muuzaji anamwambia abadilishe dawa. Ujumbe wake umenichoma, maana nami niliambiwa hivyohivyo. Duka fulani liliniuzia wangu wa mwanzo eti ni "samaki wa usafi", watakula masalio ya wenzao. Walikufa wote, matumbo yamebonyea. Hadi leo inaniuma.

Dada, weka dawa kando. Hawa ni samaki wa vijito vya milimani visiwani: Okinawa, Sumatra, Guinea Mpya. Huko maji yanakwenda mbio, jua linapiga mawe, na mawe yanaota utando wa mwani. Huo ndio ugali wao, wanaukwangua kutwa. Chakula cha kopo peke yake hakiwatoshi. Mimi huloweka mawe ya mto kwenye beseni dirishani mpaka yashike utelezi wa kijani, ndipo nayatia tangini. Nikiyatoa yamejaa vijialama vya midomo yao, vimepangana kama mishono ya cherehani.

Pampu iwe na nguvu. Na tangi lifunikwe, tafadhali! Mapezi yao ya tumboni yameungana yakawa kikombe cha kung'ang'ania. Kule Hawaii, ndugu yao Lentipes concolor hupanda maporomoko ya Akaka, zaidi ya mita 130 kwenda juu. Kioo chako atakishindwa?

Wangu wa sasa wamenona. Dume anang'aa buluu, na juzi kachimba chini ya jiwe, kamwita jike, kisha kayalinda mayai mwenyewe. Walionicheka kwenye kundi letu la wafugaji sasa wananiomba picha.

Ila vitoto msivitarajie. Vikianguliwa, mto huvipeleka baharini, vikae huko miezi kadhaa ndipo virudi kupanda mto. Tangini vinakufa. Ndiyo maana karibu kila Stiphodon unayemwona dukani kavuliwa mtoni. Jamani, tusinunue kwa pupa kiumbe aliyetolewa mbali hivyo. Mawe yaote kwanza, samaki baadaye.

Wako, dada, kama bado wanashika kioo, wana nguvu. Leo hii loweka mawe. Yakisubiriwa kuota, changanya unga wa mwani uitwao spirulina na jelatini, pakaza juu ya jiwe bapa, liache ligande, uliweke pale mkondo unapopiga.