Kabla ya Kulaumu Shokapu, Kagua Springi

Gari likija limeinama upande mmoja, fundi mgeni hukimbilia kubadilisha shokapu. Mteja analipa, gari linarudi likiwa limeinama vilevile. Shokapu haibebi gari. Uzito unabebwa na springi, na shokapu kazi yake ni kutuliza mneso. Likandamize gari kwenye kona kisha uliachie: likiendelea kunesa, angalia shokapu. Lakini kama limeshuka likiwa limesimama tu, anza na springi.

Usipime kwa macho. Weka gari mahali tambarare, ujaze upepo wa matairi sawasawa, utoe mizigo. Kama limetoka kwenye jeki, lisogeze mbele na nyuma kidogo lijikalie. Halafu pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, bati linalofunika tairi kwa juu. Ukipimia kutoka ardhini, tairi lililolika litakudanganya. Linganisha kushoto na kulia, kisha na kipimo cha kitabu cha gari hilo, maana springi zote mbili zinaweza kuwa zimeshuka pamoja na tofauti usiione.

Hapa wengi wanachanganya mambo. Springi ya koili haiwi laini kwa sababu ya miaka. Ugumu wake unatokana na chuma chenyewe, unene wa waya, upana wa koili na idadi ya mizunguko. Inachopoteza ni urefu. Gari likikaa chini, raba ya kugotea, ile inayozuia springi isibanwe kupita kiasi, inafikiwa mapema, na dereva atakwambia gari limekuwa gumu na linagonga. Ndiyo maana kumsikiliza mteja peke yake hakutoshi. Kutu ikila waya hapo ni habari nyingine: waya wa milimita 12 ukibaki 11, sehemu hiyo inapoteza karibu asilimia 30 ya ugumu wake.

Kuvunjika nako kuna tabia zake. Springi inapobanwa, waya wake unajisokota, na mkazo mkubwa unakuwa juu ya ngozi ya chuma, si katikati. Kwa hiyo kinachoiua mara nyingi ni kidonda kidogo: jiwe linabandua rangi, maji yanaingia, kutu inachimba kishimo, na kutoka hapo ufa unaanza kutambaa kila gari linapopita kwenye shimo. Ukielewa hilo, hutaibana springi kwa spana ya bomba yenye meno, wala hutaacha cheche za kuchomelea ziirukie.

Tafuta ufa chini kabisa, mzunguko wa mwisho, pale springi inapokalia kitako chake na matope hujikusanya. Safisha kwanza, kisha mulika tochi. Kipande kilichokatika kinaweza kubaki palepale na gari likaendelea kutembea, ila unasikia mlio wa "ka!" usukani unapokatwa. Kwa springi za mbele hili si jambo la kuahirisha, kwa sababu ncha ya chuma inaweza kuchoma tairi. Ukiitoa, tazama sehemu ilipokatikia. Eneo lenye kutu ni ufa wa zamani. Eneo linalong'aa ndilo lililoachia mwisho. Mwoneshe mteja. Binafsi naona hilo linamaliza ubishi kuliko maelezo yoyote.

Springi za pleti, zile za vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zenyewe hupenda kukatikia kwenye senta bolti, bolti ya katikati inayoshika pleti pamoja, au karibu na jicho, tundu la mwishoni mwa pleti. Kabla ya kulaumu mzigo, kagua kama yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zimelegea.

Kuna wanaochomelea springi iliyokatika, na wanaoipasha moto ili kushusha gari. Kataa kazi hizo. Moto unaharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Hata kukata mzunguko mmoja si jambo dogo: kati ya sita inayofanya kazi, ukiondoa mmoja springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20.

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, la sivyo mpya itasimama juu na ya zamani itabaki chini. Na usiguse nati ya juu ya shokapu iliyovalishwa springi kabla hujaibana springi yenyewe kwa vibano viwili vinavyoelekeana, hadi iachie kitako na uweze kuizungusha kwa mkono. Uso wako usiwe kwenye mstari wa springi hiyo. Kibano chenye uzi uliolika usikitumie, hata kama mteja anasubiri nje.