Usiuze diski zako kabla hujaisikiliza From Zero kwa mpangilio wake

Ndugu yangu wa Bukavu, liondoe kwanza tangazo lako la kuuza diski, kisha urudi kusoma haya. Umeandika kwamba ulisikia nyimbo tatu za From Zero, albamu ya kundi la roki la Marekani Linkin Park, kwenye simu ya rafiki yako ndani ya teksi, ukaamua kwamba Linkin Park bila marehemu Chester Bennington, mwimbaji wao, si Linkin Park tena, na kwamba mkusanyiko wako wote wa zamani uende kwa yeyote atakayefika na dola hamsini. Umeuliza pia kama toleo refu la albamu hiyo lina thamani ya kutafutwa. Mimi niliuza diski zangu, hapa Lubumbashi, kwa sababu zilezile unazozitaja, na kwa bei ya chini kuliko hiyo yako.

Albamu ilitoka tarehe 15 Novemba 2024, miaka saba baada ya One More Light, albamu yao iliyotangulia, na miaka saba pia baada ya kifo cha Chester, aliyefariki Julai 2017. Nilikuwa nimeingoja kama mtu anayengoja barua ya nyumbani. Siku chache baadaye nilikwenda karibu na soko la Kenya, la hapahapa Lubumbashi, kwa kijana anayetia nyimbo kwenye flashi, nikamlipa, nikarudi nyumbani, nikaichomeka flashi kwenye redio na kuketi. Wimbo wa kwanza kutoka ulikuwa Casualty, ambao ni mayowe tangu mwanzo hadi mwisho. Wa tatu ukawa Good Things Go, wimbo wa taratibu na wa majuto, ambao sikuweza kuelewa umefuata nini wala unajibu nini. Matoazi yalisikika kama mafuta yanayokaangia samaki, kwa kuwa yule kijana alikuwa amezibana nyimbo ili nyingi zaidi zienee. Nilizima redio nikiwa na hasira ya kweli.

Kosa ambalo sikuliona siku ile, na ambalo ninahofu limekupata wewe pia, ni kwamba zile nyimbo zilikuwa zimepoteza namba zake, na redio ilizipanga kwa alfabeti. Casualty ni wimbo wa sita katika albamu. Good Things Go ndio wa mwisho kabisa. The Emptiness Machine, ambao ndio mlango wa nyumba nzima, kwangu ulikuwa wa pili kutoka mwisho, na ule utangulizi wa sekunde ishirini na kitu haukuwepo hata kidogo, kwa sababu kijana aliufuta akidhani ni faili lililoharibika. Hakuna Mkristo anayevipanga vitabu vya Biblia kwa alfabeti, akaanza na Amosi na kumalizia na Zekaria, kisha akalalamika kwamba hadithi haieleweki.

Hata hivyo, kijana wa flashi ninamsamehe, kwa sababu anauza nyimbo kama wengine wanavyouza mkaa, kwa kipimo. Nisiyemsamehe ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye vijana wote tuliopenda roki tulimheshimu kama mwalimu. Nilimpelekea uchungu wangu, naye, ambaye hakuwa ameisikiliza albamu hata mara moja, aliniambia kwamba kundi lilizikwa pamoja na mwimbaji wake, kwamba waliobaki wanauza jeneza, na kwamba niuze diski zangu haraka kwa maana mwakani hakuna atakayezitaka. Mtu akikupa hukumu ya kitu ambacho hajakisikia, huyo hakupi ushauri, anakuibia wakati wako na imani yako. Nilimwamini. Nilikuwa na albamu zao zote saba za studio za kabla ya From Zero, kuanzia Hybrid Theory ya mwaka 2000, nilizozikusanya kwa zaidi ya miaka kumi, nyingine zikiletwa na mjomba wangu alipokuwa akivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Ndani ya kijitabu cha Meteora, albamu yao ya pili, chini ya kila mstari wa mashairi, nilikuwa nimeandika kwa penseli maana yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, na hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza. Zote saba ziliondoka kwa dola arobaini na tano. Mnunuzi aliletwa na mzee huyohuyo, na baada ya miezi miwili niliiona Meteora yangu sebuleni kwake, juu ya kabati la televisheni.

Mwezi wa Desemba rafiki yangu mmoja aliniketisha mbele ya spika zake na kuipiga albamu yote kama ilivyotengenezwa. Ni dakika thelathini na mbili tu. Umeme haukupata hata nafasi ya kukatika. Utangulizi ni sauti za kwaya, kisha maneno ya mazungumzo yanayokatwa kabla hayajaisha, na papo hapo The Emptiness Machine inaanza. Mike Shinoda, mmoja wa waanzilishi wa kundi, anaimba peke yake ubeti wa kwanza na kiitikio, nawe unadhani ndiyo yote, halafu Emily Armstrong, mwimbaji wao mpya, anaingia katika ubeti wa pili. Hapo nilielewa: hawakumsimamisha mahali pa marehemu, walimfungulia mlango polepole, mbele ya macho yetu. Casualty, ikija baada ya Over Each Other, ambayo Emily anaiongoza kwa utulivu, inakuwa kama mtu aliyenyamaza mno hatimaye akipasuka. Stained kwangu ni dhaifu, nami sitaificha hiyo. Lakini Two Faced, pamoja na mikwaruzo ya santuri ya DJ wao Joe Hahn, ingeweza kukaa miongoni mwa nyimbo zao za mwanzo bila aibu, na Good Things Go, ikifika mwisho inapostahili, ilinitoa machozi.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu: namba moja hadi kumi na moja, bila kuruka, bila kuchanganya, mara tatu kwa siku tatu tofauti, kabla ya kutamka neno na kabla ya kuuza hata jalada. Toleo refu la Mei 2025 limeongeza nyimbo tatu, nazo uziache kando hadi hizi kumi na moja zikukae moyoni. Kama nyimbo zako zimepoteza namba, ziandike upya wewe mwenyewe, 01, 02, 03, mbele ya kila jina. Ni kazi ya dakika tano.

Tangu wakati huo nimezirudisha diski tatu kati ya saba, kila moja kwa bei kubwa kuliko niliyoiuzia. Meteora yenye penseli yangu mzee anasema haiuzwi.