Dola 53 kwa mwezi: nilichojifunza kwenye kadi ya mkopo

Bahasha ilikaa juu ya friji siku tisa. Nilijua ni ya kadi, kwa hiyo kila nikifungua friji nilijifanya siioni. Jumamosi moja ya Juni 2023 nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Houston, nikaichana nikiwa bado na sare mwilini.

Deni dola 6,400. Riba asilimia 26.99 kwa mwaka. Kiwango cha chini cha kulipa mwezi huo, dola 208. Chini yake kulikuwa na kijisanduku chenye maandishi madogo ambacho nilikuwa nakiruka mwezi baada ya mwezi. Siku hiyo nikakisoma. Kilikuwa kinaniambia kwamba nikiendelea kulipa kiwango cha chini tu, na nisinunue tena hata pipi kwa kadi hiyo, deni litaisha baada ya miaka 18, na hadi hapo nitakuwa nimelipa karibu dola 19,000. Mstari uliofuata ulisema kwamba nikilipa dola 261 kila mwezi litaisha kwa miaka mitatu, na jumla itakuwa kama dola 9,400.

Nikachukua kalamu nikatoa, 261 toa 208. Dola 53.

Nilikaa pale mezani muda mrefu. Nilikuwa nalipa kila mwezi, sijawahi kuchelewa, na moyoni nilijihesabu kuwa mtu mwaminifu wa madeni. Kumbe katika zile dola 208, dola 144 zilikuwa zinaliwa na riba, na deni lenyewe linapungua dola 64 tu. Kijisanduku hicho benki hazikukiweka kwa huruma. Ni sheria ya 2009, aliyoisaini Rais Obama, inayozilazimisha kukionyesha kwenye taarifa ya kila mwezi. Kama una kadi ya Marekani, kakitafute chako kabla hujaendelea kusoma. Nakuomba kwa dhati.

Nieleze nilivyofika hapo, maana najua wenzangu wengi wabeba boksi, tunaohangaika na kazi ughaibuni, wamepita njia hiyo hiyo.

Nilipofika mwaka 2017 sikuwa na historia yoyote ya mkopo, na hapa mtu asiye na historia hupata tabu hata kupanga nyumba. Historia hiyo hupimwa kwa alama, zinazoanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hizo zinatokana na kulipa kwa wakati, na 30 nyingine zinatokana na deni ulilonalo, hasa ukilipima na kikomo chako, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa kwenye kadi. Nilianza kama wengi, kwa kadi ya dhamana: unaweka dola 300 benki, wanakupa kadi yenye kikomo cha dola 300. Nilinunulia mafuta ya gari, nikalipa yote kila mwezi, dhamana yangu ikarudishwa. Baada ya hapo barua zikaanza kumiminika. Umeongezewa kikomo hadi 2,000. Hadi 4,000. Hadi 6,500. Kila barua niliisoma kama sifa. Hakuna aliyeniambia kwamba kikomo ni kipimo cha deni ambalo benki iko tayari kukubebesha, na kwamba si hakikisho kwamba utaweza kulilipa.

Desemba 2022 mdogo wangu alioa. Kamati ya harusi ilikuwa na bajeti yake, na jina langu lilikuwa juu kabisa kwenye orodha, kwa sababu dada yuko Marekani. Mchango wangu ulikuwa dola 1,500, karibu milioni tatu na nusu za Tanzania kwa wakati ule. Sikuwa nazo. Nikafungua programu ya kutuma pesa kwenye simu, na kwenye sehemu ya kuchagua njia ya kulipa nikabonyeza kadi ya mkopo. Dakika tatu, kazi imekwisha, shukrani zikaanza kuingia WhatsApp.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo linalotuumiza sisi zaidi kuliko wenyeji. Ukinunua kitu dukani kwa kadi na ukalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, hutozwi riba hata senti. Kuna siku zisizopungua 21 kati ya taarifa kutoka na siku ya kulipa, na siku hizo ni za bure. Lakini ukitumia kadi kutuma pesa, benki nyingi huhesabu kwamba umechukua fedha taslimu, sawa na kwenda kutoa kwenye mashine. Hapo siku za bure hazipo. Riba inaanza siku ile ile, mara nyingi kwa kiwango cha juu kuliko cha manunuzi, na kuna ada juu yake. Mimi nilikatwa asilimia tano, dola 75, kabla mpishi hajawasha hata moto. Hiyo ni mbali na ada ya programu yenyewe. Tuma kutoka akaunti yako ya benki au kwa kadi ya kawaida inayokata pesa uliyonayo. Kama akaunti haina kitu, basi hiyo hela huna, na hilo ndilo jibu la kuwapa watu wa nyumbani.

Nikaongeza tiketi ya Houston, Doha, Kilimanjaro kwa bei za Desemba, masanduku mawili ya zawadi, na tairi za gari niliporudi. Kufikia Aprili kadi ilikuwa imebaki na nafasi ya chini ya dola 100. Ndipo mama mdogo aliyenilea akafariki, kule Kibosho. Walimzika saa nane mchana, kwangu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilitazama mazishi kwenye simu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, picha inakwama, inarudi, inakwama. Niliona mgomba, nikaona kofia za wanaume, sikuona jeneza likishushwa. Tiketi ya kwenda kumzika nilikuwa nimeshaitumia kwenda kucheza harusi. Tangu mtoto nasikia watu wakisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sikujua kwamba inaweza kumtokea mtu neno kwa neno.

Sasa nilivyotoka. Kadi niliitoa kwenye pochi, nikaifuta pia kwenye programu zote za simu zilizokuwa zimeihifadhi, na hili la pili ni muhimu kuliko la kwanza, maana kidole hununua haraka kuliko mkono. Kuna sababu nyingine ya kuacha kuitumia kabisa: ukishabeba deni kutoka mwezi hadi mwezi, zile siku 21 za bure unazipoteza hata kwa manunuzi mapya. Maziwa ya leo yanaanza kulipiwa riba leo. Chakula na mafuta nikawa nalipa kwa kadi ya benki ya kawaida.

Nikachukua zamu moja ya ziada kwa wiki na kuamua kulipa dola 400 kila mwezi, nikizipeleka siku ya mshahara, kabla sijanunua chochote. Kwa kiwango hicho deni lilichukua miezi 20. Februari 2025 nikaona sifuri. Miezi minne ya mwanzo ilikuwa migumu mno, kwa sababu unalipa na huoni mabadiliko. Ukifika katikati, riba inakuwa ndogo na deni linaanza kukimbia lenyewe. Kama uko kwenye ile miezi minne, vumilia.

Kama una kadi nyingi, wapo wanaosema uanze na deni dogo ili upate moyo. Mimi nasema anza na lenye riba kubwa, huku zingine ukizilipia kiwango cha chini bila kukosa. Usichelewe hata moja. Malipo yakipita siku 30 bila kulipwa yanaweza kuandikwa kwenye historia yako, na yatakaa huko miaka saba.

Na kama huwezi kabisa, piga simu benki kabla hujachelewa, ueleze. Wana mipango ya kupunguza riba kwa mtu aliyepata shida, ila hawatakupigia wewe kukupa. Dada mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi alikuwa na kadi nne. Alikwenda kwa washauri wa madeni wasiotafuta faida, wa mtandao wa NFCC ambao upo tangu 1951, wakazungumza na benki zake, riba ikashuka, sasa kila mwezi analipa mahali pamoja tu. Usiwachanganye na wale wanaokupigia simu wakiahidi kufuta nusu ya deni. Hao huwa wanakushauri uache kulipa ili benki ilegee, na historia yako ya mkopo inaharibika huku wewe ukisubiri. Akikutaka umlipe kabla hajakusaidia chochote, kata simu. Tangu 2010 kanuni za Marekani zinamkataza anayeuza huduma hiyo kwa simu kudai malipo ya mbele.

Kadi bado ninayo. Naitumia kwa mafuta na sokoni tu, na nimeweka malipo ya moja kwa moja ya deni lote. Neno ni deni lote, kwa sababu ukifungua ukurasa ule chaguo la kwanza mara nyingi huwa kiwango cha chini, na mtu mwenye haraka atalibonyeza. Halafu Ijumaa nachungulia na kulipa kilichoingia wiki hiyo, ili taarifa inapofungwa nionekane na deni dogo.

Nimefungua pia akaunti ndogo ninayoiita ya nyumbani. Kila mshahara, yaani kila wiki mbili, inaingia dola 60. Harusi, ugonjwa, ada, kipaimara, vyote vinatoka humo. Ikiisha imeisha.

Lakini akaunti hiyo isingefanya kazi kama nisingesema ukweli nyumbani, na hilo lilinichukua muda kuliko yote. Tunawatumia picha tumesimama kando ya gari la mkopo, halafu tunalalamika kwamba wanatuona matajiri. Ile Jumamosi ya Juni, kabla sijalala, niliipiga picha taarifa ya kadi, pamoja na kile kijisanduku cha miaka 18, nikamtumia mdogo wangu. Sikuandika neno. Aliisoma, alama mbili za buluu zikatokea, kimya. Siku ya pili jioni akajibu, "Dada, mbona hukutuambia? Tungepunguza hata ukumbi." Nililia, si kwa hasira. Miezi yote ile nilikuwa nimeamua kwa niaba yao kwamba hawataelewa.

Mwaka huu binti wa shangazi anaolewa. Kamati imeshaanza kukaa. Wiki iliyopita mdogo wangu aliniandikia kwamba kuna mjumbe alipendekeza niandikwe dola 1,000. "Nimewaambia dada anatoa 100, na hiyo 100 ni ya kwake kweli," akasema. Nilimtumia jana, kutoka akaunti ya nyumbani.