Kifaru cha sentimita 17 na udongo wa Kyaka

Mke wangu alinikuta saa nne za usiku nimeinama mezani, kibanio chake cha nyusi mkononi, akauliza swali moja tu: "Baba Nasra, na hiyo nayo ni kazi?" Nilikuwa nabandika pingili za mnyororo wa kifaru cha vita cha plastiki, mfano mdogo unaokuja kwa vipande ukauunganisha na kuupaka rangi mwenyewe. Kifaru aina ya Type 59 kina pingili zipatazo 90 kila upande, na kwenye boksi langu kila moja ilikuja peke yake, upana wa ukucha wa kidole gumba. Sikuwa na jibu.

Nilichagua Type 59 kwa sababu jeshi letu lilikuwa nacho katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Ni T-54 ya Warusi iliyotengenezwa na Wachina: tani 36, mzinga wa milimita 100, watu wanne ndani. Kwa kipimo cha 1/35, yaani kila urefu umegawanywa kwa 35, bodi inakuwa kama sentimita 17. Na kipimo chenyewe hakikutoka kwa wanahesabu. Tamiya, kampuni ya Japani ya mifano hii, walipounda Panther yao, mfano wa kifaru cha Wajerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walitaka bodi iweze kumeza mota na betri. Wakapima baadaye, ikatoka 35, na wengine wakafuata.

Kuunganisha hakuna makuu. Osha vipande kwa maji ya sabuni kabla hujavitoa kwenye fremu, maana vinakuja na mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Kata kwa kikata kucha, acha kibutu kidogo, malizia kwa msasa. Gundi ya plastiki haibandiki, inayeyusha. Kwa hiyo kutanisha vipande kwanza, vikiwa vikavu, halafu gusa kiungo kwa ncha ya brashi. Gundi itakimbia yenyewe ndani. Ukipaka kama unapaka siagi kwenye mkate, umeharibu.

Minyororo ndiyo inayowaumbua wengi. Tazama picha ya Type 59 kwa ubavuni: gurudumu la kwanza limeachana na la pili, na mnyororo wa juu haukukazwa. Umelala mgongoni mwa magurudumu, unabonyea katikati kama kamba iliyoanikwa nguo mbichi. Ukiuacha umenyooka kama uzi wa gitaa, hata mtu asiyejua vifaru ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Mimi nabandika pingili kwenye mstari, nasubiri kama nusu saa gundi ikiwa bado laini, nauzungusha kwenye magurudumu, kisha nasokota pamba na kuichomeka kati ya mnyororo na madigadi iugandamize mpaka asubuhi.

Sasa rangi. Kifaru changu cha kwanza nilikiua kwa thina. Rangi ilikuwa imevimba mahali, nikachovya kitambaa kwenye thina ya magari na kufuta. Ilitoka rangi, ikatoka na sura ya plastiki. Fundi rangi wa gereji jirani alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha. Praima ya kopo, ile rangi ya chini, ni sawa, lakini kopo likae mbali kama sentimita 30, anza kupuliza nje ya kitu, pita, malizia nje. Mikono mitatu myembamba kuliko mmoja mzito. Na ukikosea rangi ya maji, futa kwa spiriti ya hospitali. Thina kaa nayo mbali.

Kijani cha kijeshi usikipake jinsi kilivyo. Kwenye kitu kidogo kinaonekana cheusi. Kichangamshe, ila kwa njano kidogo, si kwa nyeupe, maana nyeupe inakifanya kama kimepakwa chokaa. Na vanishi ya kufifisha mng'ao usiipulize masika. Nilifanya hivyo Aprili moja hapa Dar, mvua ikinyesha nje. Ndani ya dakika tano kifaru kizima kilikuwa kimeota ukungu mweupe. Unyevu unanaswa ndani ya vanishi. Ngoja siku ya jua.

Lakini jambo nililotaka hasa kuandika ni uchafu. Watu wanapaka tope kila mahali, sawasawa, kama wanapiga lipu. Kabla hujachafua, nenda ukasimame pembeni ya Fuso lililotoka safari ndefu. Utaona vumbi limekaa kwenye mikunjo, si kwenye kingo. Nyuma kuchafu kuliko mbele. Pale dereva anapokanyaga kupanda, pamesuguliwa pakang'aa. Kuna tope la zamani, kavu, na juu yake la leo, bichi. Kifaru ni hivyo hivyo, na zaidi ya hapo uchafu wake unataja njia kilikopita. Kutoka Kagera kupanda hadi Masaka, Uganda, ni udongo mwekundu. Mbele yake ni Lukaya, palipopiganwa Machi 1979, na barabara inapita kwenye kinamasi. Huko tope ni jeusi. Basi changu kina wekundu madigadi na mgongoni, na weusi uliokauka chini, kati ya magurudumu, ukipanda juu ya wekundu. Mpangilio huo ukiugeuza, kifaru kitakuwa kinarudi nyumbani.

Udongo wenyewe nilitoka nao Kyaka, kando ya Mto Kagera, kwenye mfuko wa plastiki, nikajiona mjanja. Nikaumwaga, nikaona mawe. Hesabu yake hii: chembe ya milimita moja, kwa 1/35, ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Ilibidi niutwange kwenye kinu, niuchuje kwa soksi ndefu ya nailoni mara mbili, mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Halafu ukilowa unakolea, kwa hiyo nikachanganya na unga wa chaki. Unapaka kwa brashi kavu, unadondoshea spiriti, unaacha ukauke.

Mwisho kabisa, kingo za milango ya juu, pale wanajeshi wanaposhika kila wanapoingia na kutoka, nazisugua kwa penseli. Chuma kinatokea hapo hapo. Ile ya Nasra wa darasa la tatu inatosha, mradi umrudishie kabla hajaenda shule.