Maswali yenu kuhusu tembo: kola, magego na kinyesi

Nimeona video ya tembo akivalishwa kola ya kufuatilia anakokwenda. Dawa ilipomkolea alikaa akilalia kifua, ametulia kabisa, lakini wataalamu wakamfunga kamba na kumvuta kwa gari mpaka akaanguka ubavu. Huo si ukatili? (Msomaji, Karatu)

Hapo walikuwa wanamwokoa. Binadamu na wanyama wengi wana uwazi mwembamba kati ya mapafu na ukuta wa kifua. Tembo hana. Mapafu yake yameshikamana na ukuta huo, hivyo anategemea kifua na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) vitanuke ndipo hewa iingie. Akilalia kifua, uzito wake mwenyewe unabana mbavu, na matumbo yanasukuma kiwambo kwenda mbele. Akiachwa hivyo kwa muda anakosa pumzi na kufa, huku mtazamaji akidhani amelala raha mustarehe. Ndiyo maana kamba na gari huandaliwa kabla sindano haijafyatuliwa.

Dawa yenyewe ni etorfini, yenye nguvu zaidi ya mara 1,000 kuliko mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Dume mzima hupewa miligramu 15 hivi, kwenye nyama nene ya paja au tako. Sindano ikigonga mfupa au ikimwaga sehemu ya dawa nje, tembo halali. Anaendelea kutembea akipepesuka, joto la mwili linapanda, na anaweza kutumbukia korongoni au mtoni. Dozi pungufu ina hatari kuliko iliyotimia, na daktari anayeijua kazi hachelewi kuongeza sindano ya pili. Kazi hii hufanywa asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.

Tembo akishalala ubavu, kila mtu ana kazi yake. Mmoja hukaa kwenye ncha ya mkonga tu: anaunyoosha, anaweka kijiti kidogo tundu za pua zisizibe, anatega kiganja na kuhesabu pumzi. Pumzi 4 hadi 6 kwa dakika ni salama. Mwingine anakunja sikio la juu kufunika jicho lisipigwe na jua na vumbi, na kumwagia sikio maji, kwa kuwa mishipa ya masikio ndiyo inayopoza damu. Wawili wanapitisha mkanda chini ya shingo. Kisanduku cha satelaiti hukaa juu, na uzito wa chuma au madini ya risasi hukaa chini ili kola isizunguke. Kumvisha dume kijana kola ya kudumu ni kosa, maana shingo yake bado inanenepa na mkanda utakuja kumkaba. Jike mzima anafaa zaidi. Haachani na familia yake, kwa hiyo kola moja inatoa ramani ya kundi zima.

Mwisho hudungwa dawa ya kuzimua kwenye mshipa wa sikio, na kwa kawaida dakika 2 au 3 baadaye amesimama. Wakati huo magari yawe yamewashwa na yameelekea njia ya kutokea. Kuna jambo ambalo video nyingi hazionyeshi: tone la etorfini likimwingia mtu kwenye kidonda au jichoni linaweza kumuua, kwa hiyo dawa ya kuzimua ya binadamu huvutwa kwenye bomba la sindano mapema, na asiwepo mtu anayefanya kazi hii peke yake.

Vijana wameokota fuvu la tembo lenye taya karibu na mashamba yetu. Tunaweza kujua alikufa na umri gani? (Msomaji, Tunduru)

Kwanza liacheni palepale na mtoe taarifa kwa maofisa wa wanyamapori. Fuvu, na hasa pembe, ni nyara za serikali; kukutwa nalo nyumbani ni kesi.

Umri unasomwa kwenye taya la chini. Katika maisha yake tembo hupata magego 6 kila upande wa taya, nayo hayaoti kutokea chini kama yetu. Yanatokea nyuma na kusogea mbele, la mbele likilika na kumeguka vipande. La kwanza hutoka kinywani akiwa na miaka 2 hivi, la pili miaka 6, la tatu 13 hadi 15, la nne karibu 28, la tano karibu 43. La sita ndilo la mwisho. Likiisha hawezi tena kusaga majani magumu, na hapo anakuwa na miaka 60 na ushei.

Wengi hukosea kwenye kutambua gego ni la ngapi, kwa sababu la tano lililolika hufanana na la nne zima. Pimeni urefu na upana wa gego kwa rula, mpige picha kutoka juu mkiwa mmeweka hiyo rula kando, mkabidhi picha pamoja na taarifa. Jedwali la umri lilitungwa na Richard Laws mwaka 1966 kwa mataya ya Uganda. Baadaye lilipimwa upya kwa mataya ya tembo wa Amboseli, ambako tembo wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972 na tarehe za kuzaliwa za wengi zinajulikana.

Eti watafiti wanahesabu mavi badala ya tembo? (Msomaji, Ifakara)

Ndiyo, kwenye misitu kama ya Udzungwa, ambako ukiwa kwenye ndege huoni chini ya miti. Hesabu yake ni hii: idadi ya marundo kwa kilomita ya mraba, igawanye kwa marundo anayoacha tembo mmoja kwa siku yaliyokwisha kuzidishwa kwa siku ambazo rundo hudumu. Marundo 1,700, kwa tembo anayeacha 17 kwa siku na rundo linalodumu siku 50, ni tembo 2. Ukidhani rundo hudumu siku 100, umebaki na tembo mmoja. Mvua na mende wa mavi hubadilisha namba hiyo kuliko kitu kingine chochote, hivyo isikopwe kutoka msitu mwingine. Wekeni alama marundo mabichi miezi kadhaa kabla, kisha mrudi kuona yapi yamesalia. Na mstari wa kuhesabia ukatwe kwa dira. Ukifuata njia rahisi ya miguu unafuata njia ya tembo wenyewe, na hesabu itavimba.

Ndovu anayetiririkwa na majimaji shavuni analia? (Msomaji, Voi)

Halii. Hiyo ni tezi iliyo kati ya jicho na sikio, na hata majike hutoa majimaji wakishtuka au wakikutana na jamaa zao. Tazama miguu ya nyuma. Kama ni dume, na mkojo unadondoka mfululizo hadi mapaja yamelowa, basi yuko kwenye msimu wa kutafuta majike na homoni za kiume zimempanda. Rudisha gari nyuma mapema, wala usizime injini.