Kwa wadogo zangu mnaoanza kuonja pombe na kuziandika, Bukavu

Mtu akikuuliza bia ilikuwaje ukamjibu "ilikuwa nzuri", bado hujamwambia kitu. Hata "mbaya" haimwambii kitu. Anataka kujua ilinukiaje, iliingiaje mdomoni, na ilibakiza nini baada ya kumeza. Kazi yetu yote imo katika maswali hayo matatu, na maneno ya kuyajibia mnayo tayari jikoni kwa mama zenu.

Wengi mnaonijia mnataka kuanzia kwenye chupa za Ubelgiji zinazoletwa na wasafiri. Mimi nawaomba muanzie kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Bia ya kiwandani imetengenezwa ili chupa ya leo ifanane na ya mwezi jana. Kasiksi haina sharti hilo. Ndizi zimeiva shimoni au juu ya moto, zimekamuliwa kwa majani, maji yake yamechujwa na kuongezewa maji mengine, halafu unga wa mtama uliokaangwa umetiwa ndani na kazi ikaachiwa chachu. Kila mama ana mkono wake, na kila mtumbwi wa kuchachishia pombe una siku yake. Nunueni lita tatu za mpishi mmoja, onjeni kikombe kimoja kila siku kwa siku tatu, na muandike. Siku ya kwanza mtakuta sukari iko mbele. Siku ya pili utamu umepungua, ukali wa pombe umepanda, na mtama uliokaangwa unaanza kusikika kama ganda la mkate. Siku ya tatu uchachu unachukua nafasi. Hakuna kitabu kitakachowafundisha kuchacha kwa pombe vizuri kuliko siku hizo tatu. (Muulizeni mama kwanza kama maji aliyoongeza yalichemshwa. Katika mji wetu, penye historia ya kipindupindu, hilo ni swali la kwanza la muonjaji.)

Hapo mtaelewa pia kwa nini kasiksi haikai. Haina hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia. Hopsi ndiyo inayoipa bia ya chupa uchungu wake, na uchungu huohuo unazuia bakteria wengi wa uchachu. Kwa hiyo ukiandika kwamba kasiksi "imekosa uchungu", umeilaumu kwa kutokuwa kitu ambacho haikukusudia kuwa.

Sasa maneno. Vitabu vya kigeni vinasema bia iliyopigwa na jua inanuka kama mnyama fulani wa Marekani. Nani kati yetu amewahi kumnusa? Wekeni chupa ya kijani juani kwa saa moja, muifungue pembeni ya nyingine iliyokaa kivulini. Mimi nilipata mpira ulioungua, na ndivyo ninavyoandika hadi leo. Sababu yake inajulikana: mwanga unavunja viungo vya hopsi, na chupa ya kahawia inauzuia vizuri kuliko ya kijani. Harufu ya siagi, ile inayowajia mkifungua kibuyu cha mashanza (maziwa ya mgando), inaonyesha mara nyingi kwamba chachu haikupewa muda wa kumaliza kazi. Boga bichi lililokatwa sasa hivi linaelekeza kwenye pombe changa. Mahindi ya kuchemsha hutoka kwenye kimea ambacho hakikuchemshwa vya kutosha. Karatasi iliyolowa ni uzee: hewa imeingia. Siki mnaijua wenyewe. Andikeni haya kwenye kaye (daftari) kwa lugha yenu, kisha mkitaka jina la kikemia mtalitafuta baadaye.

Lakini neno la nyumbani nalo linaweza kuwadanganya. Nilipoonja bia ya ngano ya Bavaria kwa mara ya kwanza, niliandika kwamba wametia ndizi. Hawakutia hata moja. Chachu yao yenyewe inatengeneza harufu ya ndizi wakati wa kuchacha. Tangu hapo natenganisha mistari miwili: juu naandika nilichonusa, chini naandika ninachodhani kimekisababisha. Mstari wa juu hauna kosa kama mmenusa kwa uaminifu. Wa chini unaweza kusahihishwa.

Kuhusu vifaa sina mengi. Gilasi isiwe na mafuta hata kidogo, kwa sababu mafuta yanaua povu. Ilowesheni maji: yakitandaa sawasawa ni safi, yakikusanyika matone ioshwe tena. Sambaza za kukaanga (wale samaki wadogo wa ziwani) na pilipili zingojee mpaka mmalize, hata kama harufu inawaita kutoka barabarani. Maji na mkate mkavu vinatosha kati ya pombe moja na nyingine. Anzeni na nyepesi mwende kwenye nzito, mimina kidogo, na msipite aina sita kwa kikao. Ulimi uliolewa hauandiki.

Halafu lile swali la kila nganda (baa): "Ya moto ao ya baridi?" Baridi kali inafunga harufu, na ndiyo maana bia dhaifu inapendeza ikiwa barafu. Kwa kuonja, itoeni kwenye frigo mapema. Bia nzito za Ubelgiji, kama Chimay ya buluu, hufunguka karibu nyuzi 10 hadi 12.

Mwombeni mtu awamiminie gilasi tatu bila nyinyi kuona, mbili za pombe moja na ya tatu tofauti, mtafute ile ya pekee. Rudieni mara nyingi. Macho yana nguvu kuliko tunavyokubali: mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Alama ziwe za mwisho kabisa. Waamuzi wa mashindano wanaofuata mfumo wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha waamuzi wa bia, hutoa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Tazameni sura ilivyopewa kidogo. Kwa kasiksi mimi natumia mgawanyo huohuo, na siulizi ung'avu, maana haijawahi kuahidi kung'aa.

Na kumbukeni nani anasoma. Niliwahi kuandika kwamba kasiksi ya mama mmoja wa Kabare "imeharibika". Nilikuwa nimeibeba kwenye bidoni, juu ya pikipiki, jua la mchana, nikaionja kesho yake jioni. Wanunuzi wawili walimwacha. Nilipomfuata kumwomba msamaha aliniambia: "Mwanangu, ulichokunywa ni njia. Kasiksi yangu bado hujainywa." Akanimiminia ya asubuhi ile. Ilikuwa na harufu ya maracuja (pasheni) na moshi mwembamba wa mtama, uchachu mdogo ukija mwishoni kabisa.

Sasa kila ukurasa wangu unaanza na mistari minne kabla ya ladha yoyote: imepikwa lini, imebebwa na nini, imekaa wapi, nimeionja saa ngapi. Na sitoi hukumu juu ya mpishi yeyote mpaka nimeonja mitumbwi yake mitatu, palepale anapopikia.