Maswali ya Wasomaji: Deni la Daktari wa Kijijini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni daktari katika kituo cha afya cha vijijini mkoani Lindi, na huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Masika gari la wagonjwa hukwama, na mama mwenye uchungu tunambeba kwa machela mpaka ng'ambo ya korongo, ambako gari jingine humngojea. Mwisho wa mwezi hati yangu ya mshahara huonesha makato ya Bodi ya Mikopo yaliyo sawasawa na ya mwenzangu niliyesoma naye, ambaye yuko Dar es Salaam. Nimesoma kwamba Marekani daktari anayekubali kwenda mahali kama hapa hulipiwa deni lake na serikali. Je, sisi hatuna utaratibu huo? Na kama hatuna, tungeuanzisha vipi? – Daktari, Lindi

JIBU: Daktari, hatuna. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, pamoja na marekebisho yaliyofuata, humtazama mnufaika kama mtu aliyekopeshwa na sasa analipwa mshahara. Haina kifungu kinachompunguzia daktari deni kwa sababu ya mahali anapofanyia kazi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wakati awali ilikuwa asilimia 8. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 1,500,000 na deni ni shilingi 20,000,000: makato ni shilingi 225,000 kwa mwezi, na deni litakwisha baada ya miezi 89, yaani miaka 7 na miezi 5.

Hata hivyo nadhani kinachokuuma si hesabu hiyo peke yake. Wewe na mwenzako mnakatwa sawa, lakini yeye jioni anaweza kushika zamu katika hospitali binafsi na kuzifidia zile 225,000 kwa zamu chache, ilhali wewe ukitoka wodini huna pa kwenda isipokuwa nyumba ya mtumishi, kama ipo. Makato yanayolingana kwenye karatasi hayalingani mfukoni, na hapo ndipo hoja yako ina nguvu kuliko pale unapoeleza ubaya wa barabara, kwa maana ubaya wa barabara kila mtu wa Kusini anaujua.

Huko Marekani ipo mipango miwili ambayo watu huichanganya. Wa kwanza unaendeshwa na chombo cha serikali kuu kiitwacho National Health Service Corps, ambacho chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1970. Daktari aliyekwisha kuhitimu hutia saini mkataba wa miaka 2 wa kufanya kazi katika eneo lililothibitishwa kuwa na upungufu wa watoa huduma, na serikali humpa fedha za kulipia mikopo yake ya masomo. Kwa muda mrefu kiwango cha juu kilikuwa dola 50,000, na hivi karibuni kilipandishwa hadi dola 75,000 kwa madaktari wa huduma za msingi. Anayetaka kuendelea huomba kuongezewa mwaka mmoja mmoja mpaka deni liishe. Mambo mawili hapo yanastahili kutazamwa kwa makini. Kwanza, upungufu hupimwa kwa alama, na kituo chenyewe lazima kiwe kimekubaliwa kuingia katika mpango, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba jimbo fulani ni maskini. Pili, mkataba una meno: anayeuvunja hurudisha fedha alizolipwa kwa muda ambao hakuutumikia, akaongezewa dola 7,500 kwa kila mwezi uliobaki, pamoja na riba, na jumla haiwezi kuwa chini ya dola 31,000.

Mpango wa pili, uliowekwa na sheria ya mwaka 2007, haumhusu daktari peke yake. Mtumishi wa umma au wa taasisi isiyotafuta faida hulipa marejesho 120 ya kila mwezi, sawa na miaka 10, na salio hufutwa. Huo ulikuwa na aibu yake mwanzoni. Waombaji wa kwanza walipofikisha miaka 10 karibu wote walikataliwa, ama kwa sababu aina ya mkopo wao haikuwa ile inayotakiwa, ama kwa sababu walikuwa wakilipa kwa mpangilio usiohesabika, jambo ambalo wengi wao hawakuwa wameambiwa mapema. Masharti yalilegezwa baadaye, lakini kuna watu walioishi muongo mzima wakiamini jambo ambalo halikuwapo.

Ndiyo maana, kama siku moja tutakuwa na mpango wetu, ningependa msamaha uhesabiwe mwezi kwa mwezi, si kwa ahadi ya mwisho wa safari. Kwa kila mwezi ambao daktari yuko kituoni, serikali ilipe yale makato ya asilimia 15 badala yake, na taarifa ya deni ioneshe hivyo mwezi huohuo, ili daktari aone salio likishuka na mshahara ukimfikia kamili. Akihama, msamaha unakoma, na hakuna anayedaiana na mwenzake. Ningependa pia kipimo kiwe kituo, si mkoa. Daktari wa Mtwara mjini, aliye karibu na hospitali ya mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, hayuko katika hali moja na daktari wa kituo cha pembezoni mwa Nanyumbu au Liwale, na tukiwaweka katika kapu moja kwa sababu wote wako Kusini, nafasi zote zitajaa mjini kabla ya masika kuanza.

Wazo la kumvutia mtumishi wa afya kwenda pembezoni si geni kwetu. Madaktari wa vizazi vya mwanzo baada ya uhuru walisomeshwa na serikali na kupangiwa vituo bila kuulizwa sana. Baadaye taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 na Rais mstaafu, hayati Benjamin Mkapa, aliyekuwa mtoto wa Lupaso, Masasi, iliajiri watumishi wa afya kwa mikataba maalumu na kuwapeleka katika wilaya za mbali. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 uliohuishwa mwaka 2021, linapendekeza ufadhili wa masomo unaoambatana na mkataba wa kutumikia vijijini, lakini linautaja pamoja na nyumba, vifaa, usimamizi na nafasi ya kujiendeleza. Nakubaliana nalo. Daktari aliyefutiwa deni lakini hana damu ya kumwongezea mama aliyetokwa na damu nyingi hatakaa. Atahesabu miezi yake kama mfungwa, kisha ataondoka.

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na anataka kusomea udaktari. Hapa kijijini watu wanasema akiandika barua ya kuahidi kurudi Newala, mkopo wake utafutwa. Je, ni kweli? Na je, nikiuza korosho vizuri nianze kulipa mapema ili deni lisizae? – Mzazi, Newala

JIBU: Mzee wangu, barua hiyo haimfutii mtu deni, na kama kuna anayetoza ada ya kuiandika, usimpe hata shilingi. Kinachofaa kuulizia ni matokeo ya binti. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika mchepuo wa sayansi, wakiwamo wanaokwenda kusomea tiba, na huo ni ufadhili, si mkopo, kwa hiyo haurejeshwi.

Kuhusu korosho, nakushauri usiharakishe. Zamani deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo, na wengi walilipa miaka kadhaa huku salio likiwa palepale, au limepanda. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo Mei Mosi ya mwaka 2021. Kwa kuwa deni halizai tena, shilingi utakayoilipa leo haina faida kuliko ile atakayokatwa binti mwenyewe akiwa kazini. Atasoma miaka 5, kisha atakuwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, na katika muda huo wote dawa ya salfa ya mikorosho itahitaji kununuliwa kila msimu. Weka fedha pale zinapoleta mavuno, na umpe binti nauli na matumizi ya chuoni, ambayo mkopo mara nyingi hauyamalizi.

SWALI: Nimeajiriwa katika hospitali ya misheni. Mwajiri hanikati marejesho ya mkopo, nami nimenyamaza. Je, nimesalimika? – Daktari, Masasi

JIBU: Hujasalimika, Daktari. Hospitali ya shirika la dini ni mwajiri kama mwajiri mwingine, na sheria inamtaka aijulishe Bodi kwamba ameajiri mnufaika, akate asilimia 15 na kuiwasilisha. Nenda kwa mhasibu wa mishahara ukiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa ndiyo inayotumika kukutambua, umwombe aanze kukukata mwezi huu. Baada ya miezi miwili omba taarifa ya deni lako uilinganishe na hati zako za mshahara, maana kukatwa ni jambo moja na fedha kufika ni jambo jingine. Na ukiamua kuacha kazi hiyo ufungue zahanati yako, wajibu wa kulipa unabaki kwako mwenyewe: asilimia 10 ya kipato chako, isiyopungua shilingi 100,000 kwa mwezi.